Muulize mtu kazi yake: shajara ya podikasti yetu, Tanga

Januari, wiki ya kwanza

Mpango mzima umeenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Podikasti ya mahojiano, kila kipindi nusu saa, mgeni mmoja, Kiswahili kitupu. Wageni ni watu wa Tanga mjini na vijiji vya jirani ambao kazi zao ndizo zinazouendesha mji huu: fundi baiskeli, muuza samaki, mtu wa reli, mkata mkonge, mama lishe wa stendi ya Kange. Wasanii na wanasiasa hatuwaiti. Hao wana redio na televisheni za kuwaita, na wanaitwa kila siku. Fundi wa Ngamiani aliyenyoosha ringi kwa miaka 30 hajawahi kuulizwa na mtu yeyote kazi hiyo anaifanyaje, na akiondoka ameondoka nayo.

Tuko wawili. Mimi nauliza, mwenzangu anashika sauti. Mchana yeye ni fundi simu na mimi niko dukani nauza madaftari na kutoa fotokopi, kwa hiyo kurekodi ni jioni na Jumapili.

Tumewekeana sharti moja kuhusu maswali, na ndilo ninalolitaka kulijaribu mwaka huu: hatuanzi na maisha ya mtu, tunaanza na kazi yake. Mwambie mzee wa hapa Pwani akueleze historia ya maisha yake, atakupa maneno machache ya heshima: nilizaliwa, nikasoma, nikaoa, namshukuru Mungu. Yaliyomo kifuani ni mengi, lakini mtu aliyelelewa vizuri hajielezi mwenyewe mbele ya wageni. Muulize sasa, gurudumu likipinda hivi unaanza kukaza spoku ipi? Hapo adabu ile ile inamtaka akujibu sawasawa, kwa sababu umemuuliza fundi. Atakueleza spoku, kisha atakueleza nani alimfundisha, kisha atakueleza alikuja mjini na nani, na hujauliza lolote katika hayo.

Januari, mwishoni

Vifaa vimekamilika: rekoda ya mkononi yenye matundu mawili ya maiki, maiki mbili za dainamiki za kushika mkononi, kama zile za washereheshaji wa harusi, nyaya, hedifoni moja, na betri za kuchaji ili umeme ukikatika tusisimame.

Dainamiki tumeichagua kwa sababu haisikii mbali. Maiki ya kondensa huchukua kila kitu: feni, jokofu, jogoo wa jirani, bodaboda inayopita barabara ya pili. Ndani ya studio iliyozibwa ni chombo kizuri sana. Ndani ya nyumba ya Ngamiani, yenye madirisha ya nondo na paa la bati, inakuletea mtaa mzima. Dainamiki inadai ukaribu tu. Tunaiweka shubiri moja kutoka mdomoni au pungufu, imeelekezwa pembeni kidogo, ili herufi p na b zisitoe mlipuko.

Chumba ni suala gumu kuliko maiki. Sebule nyingi siku hizi zina vigae chini na kuta tupu, sauti inagonga na kurudi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Chumba bora cha kurekodia ni chenye kitanda, godoro na nguo zilizotundikwa, yaani chumba cha kulala, na kumwomba mtu akupokee chumbani kwake hapa kwetu ni jambo zito. Tumeamua hivi. Kwa wazee wa kiume tunakaa ukumbini, tunatandika mikeka, tunatundika mablanketi mawili nyuma ya mgeni. Kwa wanawake dada yangu anafuatana nasi, anakaa ndani na mgeni, na mara nyingi mazungumzo yanakuwa mazuri zaidi kwa sababu mgeni anamwelekea yeye.

Tunarekodi kwa 48 kHz, biti 24, ndivyo vipimo vya ubora wa rekodi, kila maiki na faili lake. Faili la maiki moja hula kama MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo maiki mbili kwa saa nzima zinapita GB 1. Kadi ya GB 32 inatutosha kabisa. Na kabla ya swali la kwanza tunarekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba, watu wote wametulia. Ukimya huo una mvumo wake, na ndio tunaouzibia mahali tunapokata maneno. Ukiziba kwa ukimya mtupu wa kompyuta, msikilizaji anahisi kama ameporomoka shimoni.

Februari

Kipindi cha kwanza ni cha fundi baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, anayeujua hahitaji kuelezwa: ardhi tambarare, barabara za namba zimenyooka, mwanafunzi, muuza mkate na bibi anayekwenda Mgandini wote wako juu ya baiskeli. Tulirekodi kibandani kwake baada ya kufunga, wakati wa joto la kaskazi, feni imezimwa.

Nilimuuliza swali la spoku kama nilivyopanga. Hakujibu kwa maneno. Alilitundika gurudumu, akalizungusha, akaanza kuzigusa spoku kwa ukucha moja baada ya nyingine, na kila moja ikalia. Ile iliyolegea inatoa mlio mzito, uliochoka. Iliyokazwa kupita kiasi inalia kwa sauti nyembamba. Anakaza, anaonja kwa sikio, anazungusha, anaangalia ringi inapita wapi kwenye uma, anarudi. Baiskeli za zamani za Kiingereza, alituambia, zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu mzigo unakaa nyuma, na akacheka kwamba waliozitengeneza walijua mtu atapakia gunia.

Milio ile tumeiacha yote, karibu dakika mbili bila neno. Mwenzangu aliogopa msikilizaji ataondoka. Nilishikilia, kwa sababu redio iliyompigia mtu simu isingeipata sauti hiyo, na kwa sababu hapo ndipo msikilizaji anapoelewa kwamba kuna elimu inayokaa sikioni na kwenye ncha za vidole.

Baada ya spoku alikuja mwalimu wake, mzee aliyemchukua akiwa kijana kutoka Handeni na kumwachia aanze na kuziba tyubu tu, kiraka na solusheni, mpaka mikono yake ikazoea. Alikuja baba yake. Ukaja mwaka wa njaa. Sikuuliza hata kimoja.

Februari, uhariri

Tunahariri kwa Audacity, programu ya kompyuta ambayo ni ya bure na inakwenda hata kwenye kompyuta ya zamani kama yangu. Kazi ya kukata ina mipaka tuliyoiandika ukutani. Kikohozi, kiti kinacholia, swali langu lililorefuka: vinatoka. Mgeni akisita akitafuta neno, kusita kunabaki. Anayesema "n'kenda" na "n'kamwambia" abaki na usemi wake. Hatumpeleki mtu studio ili arudi amevaa Kiswahili cha taarifa ya habari. Na hatupangi upya mtiririko wa majibu. Ukihamisha jibu la mwisho ukalileta mwanzo kwa kuwa ni tamu, unaweza kumfanya mtu aonekane amejigamba wakati alilisema baada ya kubembelezwa.

Ukubwa wa sauti tunaulenga kwenye LUFS -19, kipimo kinachotumika sana kwa podikasti za mono, yaani za sauti ya njia moja. Halafu mwenzangu anafanya jambo lililo bora kuliko kipimo chochote: anasikiliza kipindi kwa spika ya simu ya tochi, akiwa kando ya barabara. Wasikilizaji wetu wako kijiweni na jikoni. Neno lisilosikika hapo halisikiki.

Machi, Ramadhani

Mwezi huu tunarekodi baada ya tarawehe. Mji umeamka, watu wamekula, mazungumzo yana raha. Miezi mingine, adhana ya ishaa ikitukuta tunafunga kila kitu na kusubiri. Hatuongei juu yake na hatuikati katikati kwenye uhariri.

Mgeni ni mama anayeuza samaki kutoka soko la Deep Sea. Nilidhani nitamuuliza bei, lakini swali lililofungua mlango lilikuwa: leo usiku utalala au utaamka? Alitazama nje kwanza, akaangalia mwezi. Biashara yake ya dagaa inafuata giza. Vyombo vya dagaa vinatoka na taa usiku usio na mwezi, dagaa wanaifuata nuru, wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa haina kazi, vyombo vinapumzika, na yeye anahamia kwenye samaki wa mishipi na madema, vibua na changu, kama mtaji umebaki. Kwa hiyo mwezi wake una kipindi cha fedha na kipindi cha kukopa, na ada ya shule haiujui mwezi. Anakwenda mnadani alfajiri, anapandishana na wenzake kwa dalali, ndoo kwa ndoo. Wale dagaa wa kuchemshwa kwa chumvi na kuanikwa wananunuliwa na wafanyabiashara wanaowapeleka mbali hadi Kongo, na wakija hao bei ya mnada inapaa na wakaangaji wadogo wanabaki wanatazamana.

Ni nusu saa iliyonifundisha uchumi wa mji wangu kuliko makala yoyote niliyowahi kusoma.

Katika kueleza mikopo alieleza pia habari za kikoba chao na jambo lililotokea kati yake na shemeji yake. Aliposikilizishwa kipindi kabla hakijatoka, alitaka sehemu hiyo iondoke. Imeondoka, dakika nne nzima, na zilikuwa dakika kali. Nimeona niliandike hili kwa kirefu kwa sababu wanaoanza kazi hii watalikuta mapema. Mtu maarufu anajua kuzungumza mbele ya maiki. Anajua lipi la kusema na lipi la kumeza. Mama wa Deep Sea alikuwa anazungumza na dada yangu, usiku, amekunja miguu mkekani. Alilolisema katika hali ile ni amana. Akiuona mtaa wake asubuhi ndipo anaujua uzito wake. Kwa hiyo kwetu mgeni anasikiliza kwanza, kipindi chote, mwanzo mpaka mwisho, na anachokataa kinafutwa bila kuombwa sababu.

Ipo pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sauti ya mtu pamoja na jina na habari za familia yake ni taarifa zake. Tunarekodi ridhaa ya mgeni mwanzoni kabisa, kwa kinywa chake: nani anarekodi, kitawekwa wapi, anaweza kukataa hadi lini. Kwa asiyependa kusoma fomu, ridhaa ya sauti ina maana zaidi kuliko sahihi aliyoiweka mahali alipoonyeshwa kidole. Wageni wengi hatutaji majina yao kamili. Mama fulani, fundi wa barabara fulani, inatosha, wanaomjua watamjua.

Aprili

Masika yamesimamisha kurekodi. Mvua juu ya bati hakuna maiki inayoishinda. Wiki hizi ni za kusambaza.

Vipindi vinatoka kwa njia tatu. Ya kwanza ni mlisho wa RSS, ambao programu za podikasti huchukulia vipindi vipya, kama podikasti zote, na hiyo inawafikia watu wetu walioko Dar, Mombasa na Muscat, maana familia za Tanga zina ndugu Oman na wao ndio wenye muda na intaneti ya kutosha. Ya pili ni WhatsApp. Hapa lazima uhesabu bando la msikilizaji kama fedha yako. Kipindi cha nusu saa kikitoka kwa MP3 ya mono, kbps 64, kina MB 14.4, kikitoka stirio kwa kbps 128 kinakuwa MB 28.8, na kwa sauti za watu wawili wanaoongea stirio haimwongezei msikilizaji kitu. Tunatuma kwa orodha ya matangazo, ambayo ina mambo mawili ya kujua: mwisho wake ni watu 256, na asiyehifadhi namba yako kwenye simu yake hapokei. Kwa hiyo kila anayetaka kipindi tunamwomba kwanza ahifadhi namba.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda. Mwenzangu, kama mafundi simu wengi, anawajazia wateja nyimbo kwenye memori kadi. Sasa anamuuliza mteja kama anataka pia vipindi. Wazee wenye simu za tochi wanavichukua, wanavipeleka shamba, wanavisikiliza jembe likiwa limelala pembeni, na takwimu za kwenye mtandao hazitawaona kamwe. Mama mmoja wa Pongwe alirudi dukani kudai kipindi kinachofuata kama mtu anayedai chenji yake.

Kwa anayetaka kuanza: zisome Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni kabla ya kununua maiki. Zilitoka mwaka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ndio wasimamizi. Tumezisoma wote wawili kwa sauti, kifungu kwa kifungu.

Mei

Mzee wa reli. Shikamoo ilichukua dakika kumi, kwa maana ya kwamba kila mjukuu aliyepita alipaswa kuja kutuamkia, na mimi kuulizwa ukoo wangu mpaka akapata mtu anayemjua. Sikulikimbiza hilo. Mzee asiyejua wewe ni mtoto wa nani hawezi kukuambia lolote la maana, na ana haki.

Alikuwa mtu wa genge, wale wanaolinda kipande chao cha njia: kukaza bolti, kupachika kokoto chini ya mataruma, kufyeka, kupita na kiberenge asubuhi kuangalia kama usiku umeharibu kitu. Njia hii ya Tanga ndiyo reli ya kwanza ya Tanzania bara. Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893 na ilifika Moshi mwaka 1911. Upana wake ni mita moja. Hayo yamo vitabuni. Aliyokuwa nayo mzee hayamo: kwamba reli inatembea. Juani chuma kinarefuka, nafasi kati ya kipande na kipande inazibwa. Ikizibwa sana, njia inavimba pembeni. Kwa hiyo mchana wa kaskazi walikuwa wanatembea wakiigonga reli kwa nyundo na kusikiliza. Nilimwomba agonge. Mjukuu alileta kipande cha chuma kutoka uani, mzee akagonga mahali pazima, akagonga penye ufa, na tofauti imo kwenye rekodi wazi kabisa.

Miaka haikumbuki kwa namba, na sikumlazimisha. Ukimuuliza mzee mwaka, anakupa mwaka ili akuridhishe. Nauliza: Jumuiya ilikuwa haijavunjika? Ulikuwa na watoto wangapi? Anajibu bila kusita, kwa sababu Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la reli la Afrika Mashariki likagawanywa, yeye alibadilisha hata beji ya kofia, na mtoto wa tatu alizaliwa msimu huo. Tarehe tunazipanga sisi nyumbani. Treni ya mizigo iliporudi kwenye njia ya Tanga hadi Moshi mwaka 2019 alikwenda kusimama kando ya njia kuitazama, na aliposimulia hapo alinyamaza, tukanyamaza naye, na ukimya huo haujakatwa.

Mwisho aliuliza: salamu natuma saa ngapi? Kwake yeye, aliyekulia na Radio Tanzania Dar es Salaam, mtu hawezi kukaa mbele ya maiki akaondoka bila kutuma salamu. Wakati wao uliandika kadi, ukaipeleka posta, ukasubiri wiki jina lako lisomwe. Akaanza kuwataja: wenzake wa genge waliobaki, Korogwe, Mombo, Same, mkwewe wa Muheza, na marehemu wawili aliowaombea rehema kwa majina. Dakika tatu. Nilipoisikiliza nyumbani nikajua kipindi chetu kimepata mwisho wake. Kuanzia sasa kila mgeni anafunga kwa salamu, na wale waliomtangulia tumerudi kuwarekodi zao.

Juni

Tumetoka mjini, tukaelekea upande wa Muheza kwa mkata mkonge mstaafu. Kila mtoto wa Tanga amesoma shuleni kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikapita Florida na Hamburg na ikafika hai 62 tu. Na kwamba mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000, kabla kamba za plastiki hazijaua bei. Kipindi kinaanza pale hesabu hizo zinapoishia. Unalikata jani kutoka chini, unaukwepa mwiba wa ncha, unafunga majani 30 kuwa fungu moja, na fungu ndilo linalohesabiwa kwenye ujira wako. Maji ya jani yanawasha ngozi. Jani likichelewa kufika korona, yaani kwenye mashine ya kutoa nyuzi, linakauka na singa zinaharibika, kwa hiyo mkata anakimbizana na jua na mwenye mashine anakimbizana na mkata. Katika mzigo wote ule, nyuzi ni kama sehemu 4 kwa 100; yanayobaki ni maji na makapi. Alinionyesha kiganja chake nikigusa, na nikasema kwa sauti nilichokigusa, kwa ajili ya asiyeona.

Baba yake alikuja kama manamba, kutoka mbali, kwa mkataba. Neno hilo alilitaja mwenyewe, na nilitaka kulifuata. Nikaona mkewe amegeuka. Nikarudi kwenye kisu: unakinoa kwa jiwe gani? Baada ya robo saa alilirudia mwenyewe, na safari hiyo alilisimulia lote.

Mwezi huu pia mkunga mstaafu amekataa mwaliko wetu. Alitukaribisha, alitupa chai na vitumbua, akatueleza kwa upole kwamba alichokiona kwenye vyumba vya wazazi kimekaa ndani yake kwa kiapo, na hata akieleza kazi tu bila majina, mji ni mdogo, watu watahesabu vidole. Hatukumbembeleza. Mtu wa kawaida akialikwa mahojiano watu hudhani anapewa zawadi, kwa hiyo kukataa kwake kunaonekana woga. Yule mama hakuwa na woga hata chembe.

Kuhusu posho, maana tunaulizwa kila mahali. Mtu wa kibarua akikaa nasi saa mbili, saa mbili hizo ni chakula. Tulichokubaliana ni kwenda kwake wakati kazi imekwisha, kamwe asifunge kibanda kwa ajili yetu, na kubeba kitu mkononi kama mtu yeyote anayetembelea nyumba ya watu: sukari, majani ya chai, sabuni. Fedha ya kulipia maneno hatutoi. Mwenye kulipwa kwa maneno hutafuta maneno ya kulipwa. Kipindi kikishatoka, familia inapata rekodi nzima isiyokatwa kwenye memori kadi, ni mali yao. Familia ya mzee wa reli wametengeneza nakala kwa watoto wote.

Julai

Msimu wa kwanza umetoka wote. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alijitolea kutudhamini, kwa sharti kwamba wageni watamke jina la duka lake ndani ya mazungumzo. Tumemshukuru na kukataa; tangazo likitaka kukaa, likae mwanzoni, nilisome mimi kwa sauti yangu. Anafikiria.

Maoni yanayotufikia kwa sauti kwenye WhatsApp yana jambo moja ninalolifurahia mno. Wasikilizaji hawatusifu. Wanabishana na wageni wetu juu ya kazi. Fundi wa Makorora amesema yule wa Ngamiani anaanza upande usiofaa wa kitovu cha gurudumu, na yeye angeanza penye vali. Mstaafu mwingine wa reli amesahihisha jina la stesheni. Sauti zao tumeziomba ruhusa, na zitakuwa kipindi cha kati cha misimu miwili, mafundi wakijibizana.

Msimu wa pili unaanza na fundi wa vyombo wa upande wa Tongoni, ambaye amekubali tuje siku anapokalafati, tumsikie akisokomeza pamba kwenye maungo ya mbao. Ni ufukweni, kusi inavuma, kwa hiyo mwenzangu anashona vifuniko vya manyoya vya maiki kutokana na koti kuukuu la mtumba. Baada yake ni mama lishe wa Kange, saa kumi usiku, kabla basi la kwanza halijaondoka. Anasema tukitaka kumrekodi tuje na mikono mitupu ya kumenya vitunguu.